Kodiani Iko kwa Fundi

Ustadhi hawezi kuimba. Naanza na hilo kwa sababu watu wasiomjua hudhani mtu aliyetumbuiza harusi za Kisauni miaka yote hiyo lazima awe na sauti. Hana. Siku moja alikuwa akivuma wimbo chooni, mkewe akaenda akagonga mlango akamuuliza kama tumbo limemshika tena. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe, na kila akikisimulia alicheka mpaka akatafuta leso ya kufutia macho.

Alichokuwa nacho ni masikio na vidole. Na alikuwa na kodiani.

Sasa hana. Aliiuza, na mimi akaniambia iko kwa fundi. Ningeweza kumaliza hapa hapa, maana jambo lenyewe ndilo hilo, lakini nikiandika hivyo tu nitakuwa nimemwandika mtu mbaya, na Ustadhi si mtu mbaya. Hapo ndipo panaponisumbua. Angekuwa mbaya nisingekuwa na la kuandika.

Nyumba yake na yetu zimetengwa na uchochoro ambao watu wawili wakikutana, mmoja hugeuka ubavu. Tangu nipate akili, alasiri kwangu ilikuwa ni sauti ya kodiani yake ikipita dirishani kwetu. Kodiani ni kile kinanda kinachovaliwa kifuani, vifungo upande huu, vipande vyeupe na vyeusi upande ule, na katikati mvukuto wa kuvuta na kubana. Ya Ustadhi ilikuwa nyekundu iliyopauka ikawa kama maji ya ukwaju. Aliifunika kwa blanketi la kitoto. Masika yakiingia alimlazimisha mkewe kuweka jiko la makaa ukumbini, mbali kidogo, ili unyevu usiipate. Alifukiza ubani chini ya kitanda ilipolala, mende wasikaribie. Na kabla ya kuifungua alisema bismillahi, kisha akaiamkia: “Shikamoo, mama.” Mkewe husema yeye ndiye aliyeolewa lakini hajaamkiwa hivyo hata siku moja.

Masikio yake yalikuwa balaa. Alikaa barazani akiusikiliza mtaa kama wengine wanavyosikiliza redio. Mwanamke akikuna nazi nyumba ya nyuma, yeye hujua ni nani na yu katika hali gani. Asubuhi moja alimwambia mama yangu aende akamjulie hali jirani fulani, kwa kuwa anakuna nazi kama mtu aliyelia. Mama alikwenda kwa kumstahi tu, akakuta kweli imefika habari ya msiba kutoka kwao.

Msikitini hukaa safu ya kwanza, na sijasikia mtu akimtoa kasoro katika ibada yake. Ila muadhini akianza juu mno, Ustadhi alifumba macho kama mtu aliyeumwa na jino, na waliokaa karibu walikuwa wakimtazama yeye, wajue leo imekuwaje. Hakusema kitu mle ndani. Akitoka nje ndipo alipomwambia muadhini, kwa adabu nyingi, kwamba kesho aanze chini kidogo apate pa kupandia. Wako waliomwambia kuwa mtu wa ngoma asimfundishe mtu wa adhana. Aliwajibu kwamba sauti ni sauti, na aliyeziumba ni mmoja.

Alichukia uongo. Sisemi hivi kwa kejeli. Mpiga dumbaki wake, ile ngoma ndogo ya kupakata, siku moja alichelewa akasema alikuwa mazikoni, kumbe alikuwa akicheza bao. Ustadhi hakumgombeza. Aliipigia harusi ile tangu mwanzo hadi mwisho nyimbo ambazo hazina dumbaki, na mwenyewe dumbaki amekaa pale pale na ngoma yake mapajani, anatokwa na jasho.

Mimi nami alinipata. Nilikuwa mdogo. Mtu alikuja kumuulizia baba, nikasema hayupo, kama nilivyoagizwa, na Ustadhi akanisikia kutoka uchochoroni. Jioni aliniita. Akabonyeza sauti moja kwenye kodiani, akabonyeza nyingine iliyokosea kidogo sana, akaniuliza ipi ya uongo. Nikamwonyesha. Akasema, “Basi na mimi nilijua.” Akanipa tende nikaenda zangu.

Ndani ya kodiani mna ndimi za chuma, nyembamba mno, na kila ulimi una sauti yake. Zikitoka kiwandani Ulaya hutoka na sauti za Ulaya. Nyimbo zetu za harusi zina sauti nyingine, zinazokaa kati ya kipande cheupe na cheusi, mahali ambapo waliotengeneza kodiani hawakuweka kitu. Ustadhi aliziita sauti za kati. Alisema wimbo usio na sauti ya kati ni kama biriani iliyopikiwa mgonjwa. Basi kila Ramadhani, kwa kuwa mwezi ule hakuna harusi na wanamuziki hukaa bure, alitandika mkeka ukumbini, akaifungua kodiani skrubu moja moja, akazikwangua ndimi kwa wembe na tupa ndogo. Alikwangua, akapuliza, akasikiliza, akakwangua tena, unga kama vumbi, mpaka ulimi ukakubali kukaa pale kati. Ukizidisha, umeuua. Alifanya kazi hiyo na saumu yake, midomo imekauka, na alidai njaa inamsafisha masikio. Ikiwa wazi hivyo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata mwanawe, hata mimi. Fundi wa kodiani ile alikuwa ni yeye, hakuna mwingine Mombasa nzima. Naomba hilo likumbukwe.

Mimi ni mtu wa haya. Darasani nikiitwa jina najibu chini chini mpaka wenzangu wanaitika badala yangu. Wageni wakija nyumbani mimi hukumbuka kazi ya jikoni. Kodiani nilianza kuivaa nikiwa darasa la sita, siku mama aliponituma na bakuli la mbaazi za nazi, nami nikaganda mlangoni nikitazama. Ustadhi hakuniuliza nataka nini. Alinivisha. Mikanda ilining'inia mpaka kiunoni, basi akachukua msumari, akautia makaani mpaka ukawa mwekundu, akatoboa kila mkanda tundu jipya, mbali kabisa na matundu yake. Akaniambia tundu hilo ni langu, na siku nikinenepa tutatoboa jingine. Sikunenepa. Mpaka kidato cha tatu nilikuwa nikifunga tundu lile lile.

Mama alikubali, ila mkewe Ustadhi awepo ukumbini siku zote, na nisipige mbele ya wanaume. Mkewe alikuwapo, akichambua mchele au akisuka ukili, na nikikosea alikohoa. Ustadhi mwenyewe hakuwa mkali. “Mpe pumzi,” alikuwa akisema. “Usimkamue. Huyu si nguo.” Nikivaa kodiani ile nilikuwa siogopi watu. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo. Ilinifunika kifua chote, na walionitazama walikuwa wakiitazama yenyewe.

Sasa nieleze habari ya pazia. Kwetu siku ya kupamba, bibi harusi huonyeshwa kwa wanawake peke yao. Wanamuziki wakiwa wanaume hukaa nyuma ya pazia zito lililofungwa ukuta hadi ukuta. Wao hawaoni wanawake, na wanawake hawawaoni. Wako akina mama Kisauni waliopambwa kwa kodiani ya Ustadhi, na mabinti zao wakapambwa kwa hiyo hiyo, na wakipishana naye sokoni hawaujui uso wake. Yeye alilipenda pazia. Alisema nyuma yake hakuna mzee wala kijana. Lakini lilikuwa na taabu yake. Hakuweza kuona bibi harusi anainuka saa ngapi, na zaidi ya mara moja alimwingiza bibi harusi kwa wimbo wa kumkalisha, wanawake wakacheka mpaka wakaharibu wanja.

Ndipo alipopata fikira yake. Dada yangu Maimuna alikuwa ameposwa, harusi imewekwa baada ya Idi. Ustadhi akasema siku ya kumpamba, mimi nitakaa upande wa wanawake na kodiani, macho yangu kwa bibi harusi, na yeye atakuwa nyuma ya pazia na udi, lile gambusi kubwa la tumbo la mviringo.

“Wewe ndiwe utakayeongoza,” alisema. “Mimi nitakufuata.”

Mkewe aliacha kuchambua mchele. Katika maisha yangu sijawahi kuongoza hata foleni ya maji bombani. Nilitoka pale nikapita watu wawili wazima bila kuwaamkia, mmoja akaja kunishtaki kwa mama.

Mwanawe Ustadhi alirudi kutoka Arabuni mwezi wa Shaabani. Alikuja na makatoni, na katika katoni moja mlikuwa na kinanda cha umeme. Alikiweka juu ya meza ukumbini, akabonyeza kitufe ikatoka ngoma, akabonyeza kingine ikatoka fidla, kingine ikatoka kodiani. Ustadhi aliinama akatazama nyuma ya meza, kama kwamba kuna mtu amefichwa. Sote tulicheka. Kijana yule si mtovu wa adabu, na aliyoyasema mengi yalikuwa kweli: kwamba mialiko imepungua, kwamba maharusi wa siku hizi wanataka muziki kama wa kaseti, kwamba hakuna atakaye wazee sita nyuma ya pazia na sahani zao sita za pilau, na mashine hii ni wazee sita katika meza moja. Ustadhi alikuwa akimsikiliza mwanawe kwa namna ambayo sikupata kumwona akimsikiliza mtu. Nadhani alifurahi kwamba amerudi. Nadhani pia aliogopa kuachwa nyuma, ingawa hilo hakulisema.

Ramadhani ikaingia. Siku za mwanzo mwanzo nilikwenda baada ya alasiri nikaangalie kukwanguliwa kwa ndimi. Mkeka ulikuwa umetandikwa, hauna kitu juu yake. Ustadhi ameukalia, mkononi ana tasbihi.

“Kodiani yuwapi, Ustadhi?”

“Iko kwa fundi,” alisema, macho kwenye tasbihi.

Mkewe aliniita jikoni akanifungia sambusa nyingi kuliko watu wa nyumbani kwetu, na hakunitazama usoni. Nilikwenda tena wiki iliyofuata. Akanijibu fundi ana kazi nyingi. Nilijua hakuna fundi. Nilijua kama ninavyojua jina la baba yangu. Lakini aliyesema ni Ustadhi, basi nikaanza kumtengeneza fundi huyo kichwani mwangu, mzee fulani wa mjini mwenye miwani, ambaye Ustadhi hakupata kunitajia. Nilihangaika kumwamini Ustadhi kuliko nilivyohangaika na hesabu za kidato cha tatu.

Shuleni naketi na Kadzo. Kwao ni Rabai, na mjomba wake ndiye mwalimu wa kwaya katika kanisa moja huko Magongo. Baada ya Idi, Kadzo akaniambia mjomba amepata kodiani lakini anaipiga kama anayesonga sima, akaniomba nikawafundishe wanakwaya japo kidogo, wanawake watupu, wanaume atawatoa nje. Nikamuuliza ina rangi gani. Akafikiri, akasema nyekundu, lakini kama imefuliwa sana.

Jumamosi tulikwenda. Mjomba alikuwa mtu mpole, akatufungulia ukumbi wa kanisa, akatuachia kodiani akatoka nje kama alivyoahidi. Sikuhitaji kuiangalia sana. Nilipitisha mikono katika mikanda, vidole vyangu vikashuka vyenyewe, na tundu langu lilikuwapo, kingo zake nyeusi kwa ule moto wa msumari. Nikafunga. Kadzo akashangaa jinsi ilivyonikaa sawasawa.

Kisha nikapiga wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Nikafika penye sauti ya kati, nikabonyeza, ikatoka sauti nyingine. Ikatoka sauti iliyonyooka, safi, ya kigeni. Nikabonyeza tena. Mjomba aliporudi akatuambia kwa furaha kwamba alipoipata ilikuwa na sauti nyingi zilizolegea, akaipeleka kwa fundi wa vinanda akazipandisha zote. Basi alikuwapo fundi kweli. Ramadhani zote zile za Ustadhi, na midomo yake mikavu, zilikuwa zimerekebishwa kama ubovu.

Simlaumu mjomba wa Kadzo. Kwao zile zilikuwa sauti mbovu. Hakuna aliyemwambia.

Njia nzima Kadzo aliniuliza nina nini. Nikamwambia jua. Nyumbani sikumwambia mtu. Nilingoja. Nilifikiri Ustadhi mwenyewe ataniita, aseme mwanangu, imekuwa hivi na hivi, kijana wangu kanishawishi, vyombo vyote vimeuzwa, udi na fidla na dumbaki na spika za pembe viko hoteli ya Shanzu vimetundikwa kwa ajili ya watalii, na kodiani yako nimempa dalali, naye kamuuzia mtu wa Magongo. Haya yote niliyajua baadaye kwa wengine. Ningelia, lakini ningekuwa nimeambiwa. Siku moja kabla ya kupamba alikuja mpaka mlangoni kwetu, amevaa kofia yake nzuri.

“Fundi hajamaliza,” alisema. “Maimuna tutampamba kwa kile cha umeme. Wewe usihuzunike, siku yako iko.”

Nilikuwa nimeshika bakuli la hina. Nikasema, “Haya, Ustadhi.” Alitazama bakuli, akasema hina imeiva vizuri, akaondoka.

Siku ya kupamba nilikaa upande wa wanawake, kama tulivyopanga, bila kitu kifuani. Pazia lilifungwa. Kule nyuma walikuwa wawili tu, Ustadhi na mwanawe, na waya wa umeme ulipita chini ya pazia ukatambaa mpaka ukutani kwetu. Ngoma ikaanza. Lazima niseme ukweli, wasichana waliipenda. Waliinuka wakacheza kabla bibi harusi hajatoka, na dada Maimuna alipoingia alikuwa anang'aa, sijui hata kama alijua nani anapiga. Ikafika penye sauti ya kati. Nikaisikia mashine ikipita juu yake kama mtu arukaye dimbwi.

Shangazi yake baba, ambaye hasikii vizuri na kwa hiyo husema kwa nguvu, alimwinamia mama.

“Kwani Ustadhi hakuja?”

Mama akamwambia yuko, ndiye huyo apigaye.

Shangazi akatega sikio. Akasikiliza kwa muda, kidevu juu, kisha akatikisa kichwa. “La, mwanangu. Huyo siye. Ustadhi mimi namjua.”

Kule nyuma wimbo ukakatika. Ngoma ya mashine ikaendelea peke yake, maana yenyewe haijui kusita, na wasichana wakaendelea kucheza. Kisha mkono ukarudi, lakini upigaji ulikuwa mwingine, wa harakaharaka, na nikajua sasa anapiga mwanawe.

Tangu siku ile Ustadhi hakupiga tena. Kinanda cha umeme kilikwenda na kijana wake, anakipiga mahotelini. Mpiga dumbaki, ambaye hakuambiwa kwamba ngoma yake imeuzwa mpaka alipoifuata, akipita barazani hutoa salamu kwa waliokaa wote kwa jumla, asimtaje. Yuko jirani yetu mmoja anayehudumu mezani kwenye hoteli ile ya Shanzu. Yeye alisimulia kwamba Ustadhi alikwenda huko na kanzu yake, akaomba kuuona udi uliotundikwa ukumbi wa kulia, na akakuta umepigiliwa msumari kwenye mbavu. Hakuomba kurudishiwa. Aliomba tu nyuzi zilegezwe, shingo isije ikapinda. Jirani yetu alizilegeza alipomaliza zamu.

Niliposikia hilo roho iliniuma, na nikakasirika kwamba inaniuma. Sikwenda kwake. Mkewe alinitumia salamu kwa mama mara nyingi, mama akaniuliza kuna nini, nikasema masomo.

Muda umepita, sasa niko kidato cha nne. Juma lililopita Ustadhi alikuja mwenyewe kuniomba kwa mama. Alisema kuna kodiani mahali, Magongo, angependa tukaitazame pamoja, huenda ikanifaa. Alisema “kodiani,” kama kwamba ni nyingine, ya watu. Mama alifurahi, akanipigia pasi buibui. Mimi nilikwenda kwa sababu ni yeye aliyeniomba, na kwa sababu nilitaka kuona atasema nini tukifika.

Njiani alizungumza habari za mitihani. Aliniuliza kama bado navipasha vidole moto. Nilimjibu kila alichouliza.

Mlango wa ukumbi wa kanisa ulikuwa wazi. Ustadhi alivua ndara zake nje, kwa mazoea, ingawa mjomba wa Kadzo alimwambia aingie nazo. Kisha mjomba akaniona mimi, akachangamka.

“Aa, binti, umerudi! Na leo umekuja na babu?”

Ustadhi aligeuka akanitazama. Sikuinamisha macho, na hiyo kwangu ni kazi kubwa.

Akaletewa kodiani. Hakuiamkia. Alikaa akaipakata bila kuvaa mikanda, akavuta mvukuto taratibu, akapiga mwanzo wa wimbo ule ule. Akafika pale kati. Alibonyeza, akaacha. Akabonyeza tena, na tena, polepole, kama mtu anayegonga nyumba aliyoambiwa imehamwa. Kisha akaanza kupitia sauti zote moja moja, akiinamisha sikio, na nilimwona anavyotafuta kazi yake na haipo. Nilitaka kumhurumia. Nilikuwa karibu.

Mjomba akamuuliza kama imetengenezwa vizuri. Ustadhi akasema vizuri sana.

“Nilipoipata, mzee, ilikuwa imeharibiwa,” mjomba alisema. “Mtu aliingia mle ndani na wembe, akachokora. Sijui ni nani mtu huyo, asiyekuwa na sikio kiasi hicho.”

Ustadhi aliibana kodiani ikafungika. “Sijui,” alisema. “Mimi sikumjua.”

Nilisikia sauti yangu kabla sijajua kwamba nimefungua mdomo. “Ni yeye. Ni yeye huyu, na hakuharibu. Ziliwekwa hivyo, kwa nyimbo zetu.”

Mjomba wa Kadzo aliona haya kuliko sisi. Aliomba radhi, akasema hakujua, akasema huyo fundi wake anaweza kuitwa azirudishe kama zilivyokuwa. Ustadhi akamwambia asijisumbue. Ndimi zimekwanguliwa huku na huku, zimekuwa nyembamba, zikiguswa tena zitakatika. Alisema hayo kwa utulivu, kama fundi kwa fundi, akamkabidhi kodiani kwa mikono miwili, akamshukuru.

Tukatoka. Alisimama juu ya kizingiti akitazama barabara, malori yakipita kuelekea Miritini.

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu Idi ile.”

“Na siku nilipokuja mlangoni, ulijua?”

“Nalijua.”

“Ukaniacha niseme.”

“Nalikuwa nikingoja uniambie wewe,” nilisema. “Hata leo, njia nzima.”

Alishusha mguu mmoja akapata ndara, akaanza kupapasa kwa mguu wa pili kuitafuta ya pili, iliyokuwa imepinduka pembeni, mbele ya macho yake. Kwetu mtoto haambiwi. Mkubwa akitafuta kiatu, unainama, unamgeuzia, unamsogezea mguuni. Nimewafanyia hivyo watu nisiowajua hata majina.

Nilisimama wima, mikono ndani ya buibui, nikamngoja aipate mwenyewe.